NANI ATAAMUA MANENO YA RELI YETU?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa reli huko Kibwezi. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.)



Katibu aliniomba niseme juu ya jambo moja ambalo limezungumzwa sana hapa stesheni bila kumalizwa. Neno lenyewe ni hili: kama Serikali yetu na wale waliotukopesha fedha za reli mpya wakikosana, shauri litasikizwa wapi, na nani ataamua? Mmoja alisema Nairobi, kule Milimani. Mwingine akasema Mahakama ya Dunia, Uholanzi. Sivyo. Kwa mujibu wa mkataba, shauri hilo litasikizwa Beijing. Tena halitasikizwa na mahakama yo yote. Litasikizwa na wasuluhishi.

Ndugu zangu, neno usuluhishi si geni kwetu. Chama cha wafanyakazi ambacho hakijawahi kukaa mbele ya msuluhishi ni chama cha juzi. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli na hata wapishi wa majumbani, waliacha kazi zao wote pamoja, na Chege Kibachia akawa kiongozi wao. Serikali ya kikoloni ilimweka Jaji Thacker asikize madai ya mishahara. Aliyoyaamua yalitangazwa, na kila kuli aliweza kujua ameongezwa nini. Halafu baada ya Uhuru, mwaka wa 1964, ikaanzishwa Mahakama ya Viwanda, na Jaji Saeed Cockar akakaa hapo miaka mingi. Leo yaitwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Huo ndio usuluhishi tuujuao sisi.

Usuluhishi wa biashara kati ya nchi na nchi ni ndugu wa huo, lakini ni ndugu wa mama mwingine. Nitaeleza ulivyo.

Wafanya biashara wawili wa nchi mbalimbali, au Serikali na kampuni, waandikapo mkataba hutia ndani yake kifungu kimoja, mara nyingi karibu na mwisho ambapo msomaji amekwisha choka. Kifungu hicho chasema: tukigombana hatutakwenda mahakamani. Kila mmoja atachagua msuluhishi wake, na hao wawili watamchagua wa tatu awe mwenyekiti. Tena husema watakaa mji gani, watafuata sheria ya nchi gani, na watasema lugha gani. Wakikaa, mlango hufungwa. Mwandishi wa gazeti haingii, wala wewe huingii. Wakimaliza hutoa uamuzi wao uitwao tuzo, na tuzo hiyo kwa kawaida haina rufani.

Nguvu yake ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka wa 1958 mataifa yalifanya mapatano mjini New York kwamba tuzo iliyotolewa katika nchi moja itashikwa na mahakama za nchi nyingine. Kenya iliingia mapatano hayo mwaka wa 1989, na leo nchi zaidi ya 170 zimo. Basi mwenye tuzo mkononi aweza kwenda katika nchi yo yote kati ya hizo ambako mdeni ana mali, akaiomba mahakama ya huko imshikie. Hukumu ya jaji wa Nairobi haina miguu mirefu namna hiyo. Hapa kwetu sheria ya usuluhishi ni ya mwaka wa 1995, na jaji wetu aweza kuitengua tuzo kwa sababu chache tu, kama vile mtu kunyimwa nafasi ya kujieleza, au rushwa. Mwenye kutaka kuona jinsi mlango huo ulivyo mwembamba na atazame shauri la Nyutu Agrovet na kampuni ya simu ya Airtel. Msuluhishi alitoa tuzo ya zaidi ya shilingi milioni 500 mwaka wa 2011, Mahakama Kuu ikaitengua, na mabishano yakaendelea mpaka Mahakama ya Juu mwezi wa Desemba 2019, na huko neno lililobishaniwa lilikuwa kama inawezekana kukata rufani au haiwezekani!

Sikusema haya ili mwone usuluhishi ni kitu kibaya. Fikirini mkulima wa maembe wa Makueni aliyeuza matunda yake kwa mnunuzi wa Dubai, na mnunuzi asilipe. Je, mkulima atafunga safari aende kushitaki Dubai? Na yule wa Dubai, je, atakubali kuja kushitakiwa Wote, mbele ya jaji asiyemjua? Kila mmoja aogopa mahakama ya mwenzake, na kwa hivyo wanatafuta mtu wa katikati. Hilo ni jambo la akili. (Ingawa kwa maembe ya gari moja, gharama ya wasuluhishi itamaliza maembe na shamba pia.) Watu wetu walifanya biashara ya mbali kabla ya reli kufika. Kivoi wa Kitui, ambaye Krapf alimfikia mwaka wa 1849, alikuwa akipeleka misafara ya pembe mpaka Mombasa. Mtu wa biashara ya mbali hana budi kujua deni lake litaamuliwa wapi.

Lakini angalieni, ninyi watu wa reli. Mnajua kwamba gari halichagui njia likiwa katika mwendo. Njia imekwisha chaguliwa na yule aliyegeuza pointi kabla gari halijafika. Kifungu cha usuluhishi ni pointi. Siku ya kugombana, kila mtu anaona gari likienda kushoto na kupiga kelele, na kumbe pointi ziligeuzwa miaka kumi nyuma na mabwana wawili wenye kalamu.

Sasa nije kwa wataalamu, maana ndipo penye habari mpya. Zamani wataalamu wa mambo haya walikuwa mawakili na maprofesa wa sheria, na maswali yao yalikuwa ya sheria: kifungu hiki kina maana gani, jaji aingilie au asiingilie. Yalikuwa maandishi ya mafundi kwa mafundi. Tangu kama miaka thelathini hivi mwendo umebadilika. Wameingia watu wanaochunguza jamii, na watu wa kuhesabu. Hawa hawaulizi tu sheria yasema nini. Wanauliza: ni nani hasa anayeketi kitini? Anachaguliwa na nani? Nani analipa? Nani anakatazwa kujua? Nadhani maswali hayo ni ya chama cha wafanyakazi kabisa, ingawa waulizaji hawajui hivyo.

Wa kwanza kutajwa ni Yves Dezalay na Bryant Garth, ambao mwaka wa 1996 walitoa kitabu juu ya kundi la wasuluhishi wa dunia. Walikwenda wakazungumza nao, wakaona kwamba kazi hii ilikuwa ya wazee wachache wa Ulaya wenye sifa kubwa, kisha wakaingia vijana wa makampuni makubwa ya mawakili ya Kimarekani na Kiingereza, na hao wakaifanya kama kiwanda. Mwaka wa 2014 Sergio Puig akachora ramani ya nani alichaguliwa pamoja na nani katika mashauri ya kituo cha Benki ya Dunia huko Washington, akaona kikundi kidogo katikati na wengine wote pembeni. Mwaka wa 2017 Malcolm Langford na wenzake wakahesabu jambo lingine: watu ambao katika shauri hili ni wasuluhishi, na wakati uo huo katika shauri jingine ni mawakili. Leo refa, kesho mchezaji, na mpira ni ule ule. Hapa kwetu mchezo wa namna hiyo haungefika mapumziko.

Juu ya Afrika, aliyefanya kazi kubwa ni Profesa Emilia Onyema wa chuo cha SOAS, London. Mara kwa mara amekusanya majibu ya mawakili na wasuluhishi wa Afrika, akiuliza kwa nini mashauri yanayoihusu Afrika huamuliwa na watu wasio wa Afrika, nje ya Afrika. Majibu yanazunguka neno moja: mwenye kuchagua huchagua anayemjua. Hata Serikali zetu, zikiwa na haki ya kumchagua mmoja wa watatu, mara nyingi humchagua mtu wa Ulaya. Sijui tumlaumu nani hapo. Kenya ilitunga sheria mwaka wa 2013 ya kuanzisha Kituo cha Usuluhishi wa Kimataifa cha Nairobi, na kituo kipo. Lakini Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London kilipowauliza watu wa kazi hii mwaka wa 2021 ni miji gani wanayoipenda, mitano ya juu ilikuwa London, Singapore, Hong Kong, Paris na Geneva. Tangu ugonjwa wa mwaka wa 2020 wamezoea kusikiza mashauri kwa picha za kompyuta, kila mtu akiwa kwake. Wengine sasa wanaandika juu ya mashine za akili bandia kusoma mafaili. Hayo nayapita, maana hayatugusi kama haya ninayotaka kuyasema sasa.

Ni habari ya siri.

Mwezi wa Mei 2014 Serikali yetu ilitia sahihi mikopo ya Benki ya Exim ya Uchina kwa ajili ya reli ya Mombasa mpaka Nairobi, zaidi ya dola bilioni 3. Gari la abiria lilianza mwaka wa 2017, nasi tukapata stesheni Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Mikataba yenyewe hatukuiona. Watu waliomba Bungeni, wakaomba kwa barua, wakaambiwa ni siri. Basi wananchi wawili, Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na tarehe 13 Mei 2022 Jaji John Mativo akaamua kwamba Serikali itoe karatasi hizo, kwa kuwa Katiba yampa mwananchi haki ya kupata habari. Serikali ya wakati ule haikuzitoa. Ilipokuja Serikali nyingine, Waziri Kipchumba Murkomen alitoa sehemu yake mwezi wa Novemba 2022, si zote. Hapo ndipo tulipoona kwa macho yetu: sheria inayotawala mkataba ni ya Uchina, na magomvi yatapelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi wa Uchumi na Biashara ya Kimataifa ya Uchina, mjini Beijing. Mkopeshaji ni benki ya Serikali ya Uchina. Mji ni wake, sheria ni yake, na chombo cha kusikiza ni cha nchi yake.

Sasa mtu asiseme hili ni tendo la Wachina peke yao. Mabenki ya Ulaya nayo hutaka sheria ya Kiingereza na mji wa London; mwenye fedha hutaka nyumba yake, ndiyo desturi ya wakopeshaji wote. Bali mwaka wa 2021 kundi la wachunguzi, pamoja na Anna Gelpern na Brad Parks, walisoma mikataba 100 ya mikopo ya Uchina kwa nchi 24, wakaona kwamba katika mikataba waliyoipata, yote iliyotiwa sahihi tangu mwaka wa 2014 ilikuwa na kifungu cha kufunga mdomo. Mkopaji amekatazwa kueleza alichokopa. Mikopo ya reli yetu ni ya mwaka huo huo wa 2014.

Siri hiyo huzaa uvumi. Mnakumbuka ilivyosemwa kila mahali, hapa na Mombasa na ndani ya magari, kwamba tukishindwa kulipa Wachina watachukua bandari ya Kilindini. Deborah Brautigam na wenzake wa Marekani walichunguza jambo hili, wakatoa maandishi mwaka wa 2022 kueleza kwamba bandari haikuwekwa rehani. Walisema kilichosomwa vibaya ni kifungu ambacho ndani yake Serikali huacha kinga yake, yaani hukubali isiseme “mimi ni dola, siwezi kushitakiwa”. Kifungu hicho kimo katika mikopo mingi ya dunia. Mimi nimesoma hoja yao na naiona ina nguvu. Lakini nauliza: je, tungevumisha kama karatasi zingekuwa mezani tangu mwanzo? Aliyeficha karatasi ndiye aliyeupa uvumi chakula.

Tena mkataba ukikaa Beijing, haina maana kwamba mahakama zetu hazina kazi. Okiya Omtatah na wenzake walipinga jinsi reli ilivyoagizwa. Mahakama ya Rufani mwaka wa 2020 ilisema sheria ya ununuzi haikufuatwa, na mwezi wa Juni 2023 Mahakama ya Juu ikaligeuza hilo, ikasema kazi ile ilikuwa nje ya sheria hiyo kwa kuwa ilikwenda pamoja na mapatano ya mkopo. Basi reli ni moja, na nyumba za hukumu ni mbili: moja yaamua kama sisi kwa sisi tulifuata sheria, nyingine yaamua nani amlipe nani. Ile ya kwanza tunaijua, magazeti yanaiandika. Ile ya pili ndiyo yenye fedha.

Na fedha hizo hufika mpaka kwenye kibanda cha chai. Ili mkopo ulipwe, makasha ya bandari yalilazimishwa kupanda reli, na Mtito Andei na Emali zikaona malori yakipungua barabarani, na wenye mahoteli madogo wakafunga. Mwaka wa 2022 Rais mpya akaiondoa amri ile. Sisi wa reli tulipata kazi kwa amri ile ile iliyowanyima ndugu zetu kazi. Sisemi zaidi, maana humu ndani nawaona wenye mahoteli.

Hatari ya mlango uliofungwa ilionekana wazi katika habari ya Nijeria. Mwaka wa 2010 kampuni iitwayo P&ID ilifanya mkataba na Serikali ya Nijeria kujenga kiwanda cha gesi. Kiwanda hakikujengwa. Kampuni ikaenda kwa wasuluhishi, na mwaka wa 2017 wakaipa tuzo ya dola bilioni 6.6, na faida ikazidi kupanda mpaka jumla ikapita dola bilioni 11. Fikirini, kwa kiwanda ambacho hakuna tofali lililowekwa! Tarehe 23 Oktoba 2023 Jaji Robin Knowles wa London akaitengua tuzo yote, kwa sababu mkataba ulipatikana kwa rushwa, na tena wakati wa shauri kampuni ilikuwa imepata karatasi za siri za mawakili wa Nijeria wenyewe. Wasuluhishi watatu, watu wenye elimu kubwa, walikaa miaka na hawakuliona. Jaji mwenyewe aliandika kwamba watu wa kazi hii wafikiri upya. Tangu siku hiyo wataalamu wameandika sana: msuluhishi akihisi rushwa, anyamaze mpaka aulizwe, au aulize mwenyewe? Na wale matajiri wanaotoa fedha za kuendesha shauri la mtu mwingine ili wagawane tuzo, je, majina yao yatajwe?

Sisi Kenya tulikuwa na shauri la rushwa mapema zaidi. Kampuni ya World Duty Free iliyopewa maduka ya viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa mwaka wa 1989 ilishitaki Serikali huko Washington. Mwenye kampuni akaeleza mwenyewe kwamba alitoa dola milioni 2 kwa Rais Moi ili apate mkataba. Wasuluhishi wakasema, mwezi wa Oktoba 2006, kwamba mkataba uliopatikana kwa rushwa hausaidiwi na mtu, wakamfukuza. Serikali ikapona. Wengine walicheka kwamba mpokeaji ndiye aliyeokoka na mtoaji ndiye aliyeumia, na kusema kweli ni vigumu kuwajibu.

Sasa twende Kitui. Huko Mui kuna makaa ya mawe, na mwezi wa Desemba 2013 Serikali ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Fenxi ya Uchina kwa sehemu mbili za bonde hilo. Wenyeji walikwenda Mahakama Kuu wakisema hawakushirikishwa ipasavyo na mashamba yao yamo hatarini. Majaji watatu walilikataa ombi lao mwaka wa 2015. Walishindwa, lakini walisikizwa: walisimama wakasema, na hukumu iko wazi kila mtu aisome. Sasa fikirini upande wa pili. Kama siku moja Serikali na kampuni ya madini zikigombana juu ya mkataba wa namna hiyo, na mkataba ukasema usuluhishi, watakaoketi mezani ni Serikali na kampuni. Mzee wa Mui, ambaye makaburi ya babu zake yamo juu ya makaa hayo, si mmoja wa wenye shauri. Hana kiti.

Jambo hili la asiye na kiti ndilo nadhani wataalamu wamelikazia vizuri zaidi miaka hii, na mifano iko karibu nasi. Kule Kwale, mlima Mrima, kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba madini mwezi wa Machi 2013, na miezi michache baadaye Serikali ikaiondoa. Kampuni ikaipeleka Kenya Washington, ikidai zaidi ya dola bilioni 2. Mwezi wa Oktoba 2018 wasuluhishi wakaikataa, kwa kuwa leseni ilitolewa bila uchunguzi wa mazingira unaotakiwa na sheria, na mahali penyewe ni msitu uliohifadhiwa. Angalieni kilichotuokoa: ni sheria ya mazingira, ambayo wakubwa wengi huiona kama kikwazo cha maendeleo. Na Tanzania, shauri la kampuni ya maji ya Biwater lililokwisha mwaka wa 2008: vyama vitano vya raia viliomba kuandika maoni yao mbele ya wasuluhishi, navyo vikaruhusiwa kwa maandishi, ingawa havikuruhusiwa kuingia chumbani. Kanuni za kituo cha Washington zilikuwa zimerekebishwa mwaka wa 2006 kuruhusu hivyo. Mlango ukafunguliwa kidogo, upana wa bahasha. Mwaka wa 2017 Tanzania ilikwenda mbali zaidi, ikatunga sheria kwamba magomvi juu ya mali ya asili ya nchi yasipelekwe nje. Wengine wanasema sheria hiyo itafukuza wenye mitaji. Mimi naona bado mapema kuhukumu.

Nilitaja kiti, nikakumbuka nzama. Wazee wa Ukambani waliamua maneno ya ng'ombe, ya mahari na hata ya damu, wakikaa mahali pa wazi, na mpita njia aliweza kusimama akasikiliza. Bwana Penwill, aliyekuwa D.C., aliandika kitabu juu ya sheria hizo mwaka wa 1951, na siku hizi wanasheria wetu kama Kariuki Muigua na Francis Kariuki wanaandika kwamba usuluhishi haukuletwa na meli. Katiba ya mwaka wa 2010 nayo imeutaja, pamoja na njia za jadi, katika kifungu cha 159. Nakubali, lakini tusiipake nzama sukari. Mama zetu hawakuketi humo, na maskini asiye na mbuzi wa kuwapa wazee alingoja. Kitu kimoja tu walichokuwa nacho ambacho chumba cha Beijing na cha London hakina: watu walisikia.

Mtaniuliza, haya yanahusu nini mkataba wetu wa kazi? Yanahusu. Mwaka wa 2006 reli ya zamani ilikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa miaka 25. Mwaka wa 2017 mkataba ukavunjwa. Katika miaka hiyo kumi na moja, mkuu wa kazi alibadilika mara mbili kwa karatasi ambazo mfanyakazi hakuzisoma. Mkataba mkubwa ukivunjwa, mkataba wetu mdogo wa mishahara na malipo ya uzeeni hutikisika, maana umejengwa juu yake kama gari juu ya mataruma. Kwa hivyo naomba halmashauri yetu, wakati wo wote reli au stesheni au karakana itakapotaka kukodishwa tena, iulize kabla ya sahihi kutiwa: magomvi yataamuliwa wapi, kwa sheria gani, je tuzo itatangazwa, na je, chama cha wafanyakazi kitaruhusiwa kuandika maoni yake? Kuuliza baada ya hapo ni kumkimbilia pointisimani gari likiwa limekwisha pita.

Ndugu mmoja kutoka Mutomo ameniuliza, kabla sijapanda hapa, kama mtu mdogo aweza kuomba karatasi za Serikali bila wakili. Aweza. Iko sheria ya kupata habari ya mwaka wa 2016. Unaandika barua kwa mkuu wa ofisi yenye karatasi hizo, unaeleza unachotaka kwa wazi ili aweze kukitafuta, nawe huna lazima ya kusema sababu. Barua yaweza kuwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Anatakiwa akujibu katika siku 21. Akikataa, au akinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile iitwayo ofisi ya kupokea malalamiko ya wananchi. Weka nakala ya barua yako, na tarehe uliyoipeleka. Katibu anayo karatasi ya mfano, na atakayetaka amwone baada ya mkutano, lakini asiichukue ile yenye sahihi kwa maana ni moja tu.